Bruchi Zisizo na Mbayuwayu

9 Februari

Wifi yangu,

Habari za huko, na habari za kifua cha mtoto wa mwisho? Kaka alipopita hapa na lori lake alisema kimeachia, ila kaka yangu namjua, hata nyumba ikiungua atasema kuna joto kidogo, kwa hiyo nataka nisikie kutoka kwako. Mimi mzima. Bado nipo pale pale kwa dobi, dirishani, napokea makoti machafu na kuwarudishia watu yakiwa masafi. Goti linaniuma nikisimama sana, na nasimama kutwa.

Sasa sikiliza, nina jambo kubwa. Unaujua ugonjwa wangu wa bruchi, hayo mapambo ya kubana kifuani ambayo kaka anayaita vifungo vya mabibi. Kuna mama mmoja wa makumbusho ya mji, mteja wetu, ameniona na moja kifuani akaniuliza nimeitoa wapi. Tukaongea mpaka foleni ikaanza kununa nyuma yake. Mwisho wake amenipa kabati zima la kioo kwenye maonyesho yao ya Julai, nieleze habari za karakana ya bruchi aliyofanyia kazi mama hapa mjini kabla hajarudi nyumbani. Mimi, mpokea makoti, nipewe kabati!

Kwa hiyo naomba lile boksi la biskuti la mama, lililo juu ya kabati chumbani kwake. Lote. Mpe kaka, alete na lori. Usizioshe hata kidogo, maji yakipenya nyuma ya kioo kinakuwa cheusi na hakirudi. Wala si za thamani ya sonara, ni vioo na shaba iliyochovywa rangi ya dhahabu. Sisi wa mchezo huu tunachotafuta ni historia: nani alichora, nani alipanga vioo, alama ya nani iko mgongoni. Ya karakana ile ni mbayuwayu mdogo, mkia umegawanyika. Mama alizibana kwenye kitambaa cheusi na hakuwahi kuturuhusu kuzishika, kwa hiyo migongo yake sijawahi kuiona. Alisema tajiri alimpa moja kila alipofanya kazi nzuri. Nataka niandike hivyo hivyo.

Najua mama yako naye alikuwa pale, na najua yaliyompata. Hayo sitayagusa, usiwe na wasiwasi.

Wifi yako.


2 Machi

Wifi mwenye macho ya forodha,

Salamu zimefika, na kifua cha mtoto kimepona, sasa anakohoa kwa kuigiza ili asiende shule. Kaka yako mzima, amenenepa, ukimwona usimwambie nimesema. Mimi nipo na sare za shule mpaka shingoni, mwezi huu watoto wote wa mtaa wamerefuka kwa pamoja kama waliokubaliana. Mama yangu anakusalimu. Anakuja siku hizi kunisaidia kushona vifungo.

Hongera kwa kabati. Nimefurahi, kweli, sikutanii.

Kuhusu boksi, nakutumia tatu: ua, kinyonga na ile ya shada la ngano. Zinatosha kabati moja, watu wasije wakachoka kuangalia. Nimezishonea kwenye kitambaa kwa uzi wa maradufu zisije zikacheza njiani, lori la kaka yako linaruka kama lina mashetani. Usizifumue, zionyeshe hivyo hivyo, zimekaa vizuri.

Na mimi niulize kidogo, kwa vile umezoea kuuliza wewe. Mwaka jana baada ya msiba ulichukua kioo cha mama. Ukaja ukachukua cherehani yake ya mkono. Sasa boksi. Chumba kile nakifagia kila wiki na kila nikifagia kinapungua. Kama kuna mpango juu ya nyumba hii, wewe na ndugu zako, semeni mapema nisije nikaambiwa siku ya kufungasha. Nimeishi humu tangu nilipoolewa na mama nilimuuguza humu mpaka pumzi ya mwisho. Nadhani nina haki ya kuuliza.

Wifi yako wa sare.


15 Machi

Wifi,

Nashukuru kwa mzigo, nashukuru kwa salamu. Mama yako msalimie sana.

Nyumba hakuna anayeitaka, hilo liondoe moyoni. Cherehani nilichukua kwa sababu mama alinifundishia pale. Nilidhani unajua.

Ila na mimi ngoja niseme la kwangu, maana limenikaa kooni tangu Jumapili. Nilizifumua. Ulikuwa umeshona kwa nguvu mno, wifi, kwa kitu cha kusafiri tu. Nilitumia wembe. Nikageuza ya kwanza, nikachukua kioo cha kukuzia: hakuna mbayuwayu. Ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Migongo mitupu, laini, hata kovu la alama iliyosuguliwa hamna.

Huku kwenye soko la vitu vya zamani bruchi zisizo na alama ni za kuiga. Zimejaa, wanazimwaga kwenye turubai. Mtu anayejua atachukua ya kweli na kuacha ya kuiga, na kwa mbele huwezi kutofautisha. Ninayo ya ua kama ile ile, niliinunua mwenyewe, ina mbayuwayu anayeonekana hadi manyoya.

Sisemi kitu. Nauliza tu. Nani ameingia chumba kile tangu mama afariki? Yule fundi uliyesema anakuja kutengeneza mlango, alikaa peke yake? Kuna mtu alikushauri kuzibadilisha zile chakavu kwa mpya zenye kung'aa, ukaona ni jambo jema? Kama ni hivyo niambie, nitanuna siku moja halafu nitanyamaza. Na kwa nini ulitaka nisizifumue?

Tafadhali tuma zilizobaki bila kushonea.

Wifi yako.


20 Aprili

Wifi,

Barua yako kaka yako alinipa zamani, sikuwa na nafasi. Watoto wazima. Mvua zimeanza, bati la jikoni linavuja.

Chumba hakuna aliyeingia ila mimi. Fundi wa mlango alifanya kazi akiwa nje, mlango uko nje.

Boksi situmi. Naomba uliache lilipo. Naomba pia, kama unaweza, hilo kabati uwaambie watu wa makumbusho wakupe kazi nyingine, waonyeshe vyungu, waonyeshe sarafu. Una bruchi zako nyingine za kila taifa. Ya karakana ile achana nayo.

Usiniulize kwa nini. Sijawahi kukuomba kitu tangu niingie kwenu, na hili nakuomba.

Mimi.


28 Aprili

Wifi,

Umeniomba nisikuulize. Mtu aliye safi huulizwa akajibu.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa, nikaisoma nikiwa na hasira na nikaisoma tena hasira zikiwa zimepoa, ikabaki ile ile. Boksi hutumi, sababu husemi, na unataka niache jambo pekee nililowahi kupewa na watu wa maana kwa ajili ya mama yangu. Wewe ungefikiria nini? Mimi ninafikiria hivi: bruchi za mama zimeondoka, na zilizo kwenye boksi ni za kwenye turubai. Sijui ulizipeleka wapi wala kwa shida gani. Kama ni shida ungeniambia, mimi ni ndugu yako.

Na wifi, sikutaka kuandika hili lakini umenifikisha. Tulipokuwa tunaposa, mama mdogo alisema wazi kwamba tunakwenda kuoa kwenye nyumba yenye mkono mrefu. Mama yangu alimfokea mdogo wake mbele ya watu kwa ajili yako. Nilikuwa upande wako. Sasa najiuliza.

Nimemwandikia mama mdogo. Atakuja kulifungua boksi yeye mwenyewe. Kaka hajui, na sitamwambia mpaka nijue la kumwambia.

Wifi yako.


19 Mei

Wifi,

Mama mdogo wako alikuja. Hakupiga hodi. Alikuta nina wateja wawili wanajaribu sare, na mama yangu kwenye kigoda anashona vifungo. Akasema, "Nimetumwa na mwenye mali." Akaingia chumbani, akatoka na boksi, akalifungua juu ya meza yangu ya kukatia, akawa anageuza bruchi moja moja na kutikisa kichwa kila akigeuza. Wateja wamesimama na sare zenye pini. Kisha akasema bila kumtazama mtu, "Damu ni damu."

Unajua mama yangu alifanya nini? Aliweka sindano chini. Akachukua mkoba wake, akaufungua, akaumimina wote juu ya meza, mbele ya bruchi. Leso, funguo, dawa zake za presha, peremende za wajukuu. Hakuna aliyemwambia. Akapindua na mifuko ya sweta. Halafu akasubiri, mikono pembeni, kama mtu aliyezoea.

Nilikuwa nimekula kiapo, wifi. Siku ile kiapo kilikwisha, na Mungu anisamehe.

Bruchi za mama yako hazikubadilishwa na mtu. Ndizo zile zile. Hazina alama kwa sababu hazikuwahi kugongwa alama. Pale karakana, vioo vilipangwa kwanza, bruchi zikakaa kwenye trei, na alama iligongwa mwisho kabisa, na msimamizi mwenyewe, mezani kwake, ndipo zinatoka. Za mama yako hata moja haikufika meza ile. Alizitoa kwenye trei. Trei ilikuwa ya mama yangu.

Aliniambia mwenyewe, kitandani, mwezi wake wa mwisho. Ulikuwa umepiga simu ukiwa na furaha, unamweleza umegundua alama ya mbayuwayu na kwamba isiyo nayo ni ya kuiga. Alipokata simu aligeukia ukutani. Nilidhani ni maumivu. Akaniambia yote, akaniapisha nisikwambie wewe. Hakuniapisha kuhusu kaka yako, aliniapisha kuhusu wewe, kwa sababu wewe ndiye unayezipenda. Nilimuuliza alizitakia nini. Akasema, "Zilikuwa nzuri. Nilishindwa kuziacha." Basi. Hakuwahi kuvaa hata moja, angeivalia wapi?

Mama yangu alifukuzwa kwa trei ile. Habari ilifika nyumbani kabla yake. Unakumbuka mlivyokuwa mnacheka, akija kwenu anakaa karibu na mlango na mkoba wazi mapajani? Anakaa hivyo kila nyumba mpaka leo, ili watu waone ndani.

Na mimi nilivyopendwa na mama mkwe wangu, wifi! Mtaa mzima ulinionea wivu. Alikataa wasichana wote, akasema anamtaka binti wa yule. Alinipa godoro lake. Alinifundisha kukata kola. Sasa usiku sijui nimlilie vipi. Nilikuwa mkwe wake au nilikuwa fidia? Hilo ndilo lililonifunga mdomo zaidi ya kiapo. Sikutaka kulisoma likiwa limeandikwa.

Mama yangu sijamwambia. Anajua tu kwamba ameshukiwa tena.

Boksi nakutumia lote. Kaka yako analo mkononi, hajui lina nini.


1 Juni

Kwako,

Boksi limefika.

Nimesoma. Nataka kukujibu kwa adabu na nashindwa. Unaniambia mama yangu alikuwa mwizi, na shahidi wako ni marehemu peke yake, na alikwambia mkiwa wawili tu chumbani. Hilo ni jambo rahisi sana kulisema juu ya mtu ambaye hawezi kujibu. Linamsafisha mama yako, linakusafisha wewe, na linamaliza maswali ya boksi, yote kwa mpigo mmoja. Mimi kazi yangu ni kupokea makoti, na mwenye koti akiniletea maelezo marefu kuhusu doa, huwa nalitazama doa mara mbili.

Pole kwa aliyoyapata mama yako siku ile. Mama mdogo sikumtuma aseme vile.

Yule msimamizi wa karakana bado yu hai. Mama wa makumbusho anamfahamu. Nitakwenda na bruchi mkononi, nitamwuliza yeye. Mpaka nirudi kutoka kwake usiniandikie.


14 Julai

Wifi yangu,

Sijui kama una hamu ya kujua hali yangu. Goti linauma. Watoto wabusu wote, na huyo wa kukohoa.

Nilikwenda. Anaishi kwa binti yake, chumba cha uani, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho lakini lingine linafanya kazi. Alifurahi kupata mgeni. Nilimwekea bruchi mapajani, moja baada ya nyingine. Sikumwambia mimi ni nani wala zimetoka wapi. Akageuza ua, akapitisha kidole mgongoni, akasema, "Hii haikupita kwangu." Akageuza kinyonga. "Wala hii." Nikamwambia, basi ni za kuiga. Akacheka mpaka akakohoa.

"Za kuiga? Binti, tazama kioo cha katikati. Kimeinuliwa kidogo kuliko wenzake ili kishike mwanga. Alikuwepo mpanga vioo mmoja tu anayefanya hivyo. Nilimgombeza kila siku kwamba anapoteza muda, na bruchi zake ndizo zilizotangulia kuisha dukani. Tukaja tukamfukuza kwa wizi."

Nilikaa chini, wifi. Kwenye mkusanyiko wangu nina bruchi kadhaa zenye kioo kilichoinuliwa. Huwa nawaelezea watu sokoni kwamba ni mtindo wa tajiri mwenye karakana. Ni mkono wa mama yako.

Hata hapo bado nilikuwa na pa kujificha. Nilijiambia, sawa, zilitolewa kwenye trei, lakini nani kasema ni mama yangu? Pengine mama yako alizitoa na mama yangu akamhifadhia. Ndiyo, niliwaza hivyo, na nakuandikia ujue jinsi nilivyokuwa mbishi. Nikamwambia mzee mimi ni binti wa nani. Uso wake ukafunguka. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Wewe ndiye yule mtoto!" akasema. "Mama yako alikuwa akikulaza chini ya meza, ukiamka anakuweka mgongoni. Siku ya kupekuana nilisimama mlangoni mwenyewe. Nilipekua kila mwanamke, nikawavua hadi vilemba. Mama yako tu nilimpitisha. Ulikuwa mgongoni kwenye mbeleko, umelala. Nani angeamsha mtoto?"

Aliniambia hilo kama zawadi. Hakuelewa kwa nini nimenyanyuka. Hadi leo haelewi, sikumweleza, niliaga vibaya.

Kaka alikuwa ameachwa kwa bibi wakati ule. Mtoto wa mgongoni ni mimi. Bruchi zote hizi ambazo kwa ajili yake nililia, nikakutukana, nikamtuma mama mdogo akawadhalilishe nyumbani kwenu, nilizitoa mimi mlangoni, nikiwa usingizini, zimenilalia tumboni.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi. Nilibadilisha maandishi ya kabati mara nyingi, mama wa makumbusho akaniuliza kama nina hakika, maana ni jina la familia. Nilimwambia nina hakika. Imeandikwa hivi, kwa herufi kubwa: vioo vya bruchi hizi vilipangwa na mfanyakazi ambaye karakana ilimfukuza kwa kumsingizia. Aliyezichukua ni rafiki yake, mama wa aliyeziweka hapa. Watu wanasoma, wananitazama, wanasogea. Mmoja alikumbatia mkoba wake, nikaona.

Nimemwandikia mama mdogo kila kitu na nimemwambia akusomee barua hiyo mbele ya watu wale wale. Asipokuja niambie. Kaka nitamwambia uso kwa uso.

Kuhusu ulivyouliza, kama ulikuwa mkwe au fidia, ninachojua ni kwamba mimi mwanawe hakunifundisha kukata kola.

Nisamehe ukiweza. Na nataka kuja kumpigia magoti mama yako, goti liume lisiume. Muulize kama atanipokea.

Wifi yako.


6 Agosti

Wifi,

Tuko salama. Bati la jikoni kaka yako ameliziba, sasa linavuja upande mwingine. Alisikia yote kutoka kwako, alikaa kwenye lori uani mpaka chakula kikapoa, halafu akaingia akakaa miguuni pa mama yangu, jitu zima lile.

Mama mdogo alikuja. Alisoma barua yako mbele ya wale wateja na wengine waliosikia kuna jambo. Alisoma kwa sauti ya kumeza dawa, lakini alisoma mpaka mwisho.

Mama yangu alisikiliza akiwa anashona kifungo. Mama mdogo alipofika pale penye habari za msimamizi mlangoni, mama akanyanyua mkono kumsimamisha. Akasema, "Mbeleko niliifunga mimi."

Akaeleza polepole. Jioni ile mama yako alifunga fundo likafunguka, akafunga likafunguka, akamwomba amsaidie kukuweka mgongoni. Alipokuwa anakufunga akagusa vitu vigumu tumboni kwako, akajua ni nini, anazijua kwa vidole kuliko mtu yeyote. Na mlangoni alikuwa amekwisha kumwona msimamizi akiwapanga watu mstari.

Nilimpigia kelele, wifi, mama yangu mzazi, mbele ya watu. Nilimwuliza, miaka yote hii, mkoba wazi, macho ya watu, na ulijua? Kwa nini hukusema?

Akakata uzi kwa meno. Akasema, "Ningesema, wangemchukua palepale. Na mtoto alikuwa ananyonya."

Akasema uje. Bruchi ziache huko kwenye kabati, hahitaji kuziona. Anataka kumwona huyo mtoto.

Wifi yako.